Dondoo kwa wanafunzi wanaohamia Lyon: sokoni nenda mwishoni

Jamani mnaokuja kusoma Lyon, Ufaransa, mboga na matunda nunueni soko la wazi kama la mtaa wa Croix-Rousse, ila msiende asubuhi, fikeni Jumapili kuanzia saa sita na nusu mchana, maana wauzaji wanakaribia kufunga na hawataki kurudi na nyanya zilizoiva, hapo bei inashuka kweli na wengine wanakuuzia kreti nzima. Beba sarafu na mfuko wako, na usalimie "bonjour" kabla ya kuuliza bei, hilo wanalijali sana. Ukitaka kitu maalum utakikosa, vizuri vinaisha mapema, na stroberi za mwisho uzile siku hiyohiyo. Ukichelewa zaidi, supamaketi nyingi Jumapili mchana zinafunga au zinabaki na mashine za kujilipia tu, bila wahudumu wa malipo.