Kusafiri Milimani na Mbwa Majira ya Machipuko

Wiki kadhaa kabla ya safari, mzoeze mbwa kuvaa mkoba wake ukiwa mtupu, kisha uongeze mzigo kidogo kidogo. Mbwa mzima mwenye afya asibebeshwe zaidi ya robo ya uzito wake, na kwa safari ya siku nyingi mimi huiona hata robo hiyo kuwa nyingi mno.

Kinachotisha zaidi msimu huu ni maji ya theluji inayoyeyuka. Vijito hupungua alfajiri, kwa kuwa baridi ya usiku huzuia theluji kuyeyuka, na hufurika alasiri. Kwa hiyo vivukeni mapema, baada ya kumvua mkoba, ukimshika kwa mkanda wa kifuani wala si wa shingoni.

Theluji iliyoyeyuka mchana ikaganda tena usiku hufanya ukoko mkali unaochana nyayo. Kila mnapopumzika, panua vidole vyake kimoja kimoja, utoe vibonge vya barafu vilivyonasa kwenye manyoya na uangalie mikato. Viatu vya mbwa husaidia, ingawa kimoja hakikosi kupotea, basi chukua vya akiba.

Jioni mpapase masikioni, kwapani na kinenani. Ukikuta kupe, mng'oe kwa kibano kilichobana karibu kabisa na ngozi.