Safu Tatu za Milulu Kabla ya Kulala

Nafundisha darasa la nne hapa Iringa mjini, watoto 87. Nafika nyumbani Kihesa saa kumi na moja jioni na mfuko wa madaftari, napika, nasahihisha, nawalaza wanangu wawili. Ikifika saa tatu usiku kichwa hakipokei kitu tena. Miaka sita sikugusa milulu, zile nyasi za kusukia, ingawa bibi alinifundisha kusuka vikapu nikiwa na miaka tisa. Kila mara najiambia nitaanza likizo. Likizo ya Juni inakuja, ya Desemba inakuja, zote zinapita.

Kama nawe kuna kitu unakipenda ila hukifikii, usikitafutie saa nzima, maana mtu mwenye kazi na watoto haipati. Tafuta robo saa ambayo tayari inakupotea. Yangu niliikuta kwenye kochi: watoto wakishalala, nilikuwa nakaa na simu nikitazama picha za harusi za watu nisiowajua. Sasa simu naiacha chumbani ikichaji, na kikapu nakiweka palepale ninapokaa. Nikitaka kuketi, lazima nikishike kwanza.

Nguvu ya akili ndiyo ngumu zaidi kuliko muda, na hapa nilichelewa kuelewa. Jioni mikono yangu haijachoka, nimechoka kuamua. Tangu asubuhi naamua nani asome, nani aadhibiwe, mboga gani inunuliwe. Kwa hiyo maamuzi yote ya kikapu nayafanya Jumamosi baada ya kufua. Nachagua rangi, natenga milulu mirefu na mifupi, kisha nafunga mafungu madogo kwa uzi, fungu moja la usiku mmoja. Usiku, chai ikichemka, naviringisha fungu kwenye kitambaa kibichi, kwa sababu milulu mikavu ukiikunja inakatika. Chai ikiiva, nayo imelainika. Nasuka safu tatu, basi. Kama wewe unapiga gitaa, chagua wimbo Jumamosi. Kama unashona, kata kitambaa Jumamosi.

Halafu, acha kazi katikati. Bibi alitaka safu imalizwe ndipo mtu ainuke. Mimi naiacha nusu, ncha za milulu zikiwa zimechomoza kama urefu wa kidole. Kesho yake mkono unazikuta na kuendelea wenyewe, sijiulizi naanzia wapi.

Waambie wa nyumbani, tena uombe jambo linaloeleweka. "Nahitaji kupumzika" halikunisaidia. Nilimwambia Baba Neema: saa tatu na nusu usiku wewe funga milango na andaa sare za watoto, nipe robo saa. Akakubali siku hiyohiyo.

Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku inakausha vidole, usiku siwezi. Nahamia Jumapili mchana, kizingitini, jua likiwa linapiga.

Na ujihadhari na oda. Mwalimu mwenzangu alikiona kikapu changu akaniagiza vitatu vya sendofu ya mdogo wake, akatoa na kianzio. Wiki haikuisha, nikawa nakikimbia kikapu kama ninavyokimbia madaftari. Nilimrudishia hela yake nikampeleka kwa mama mmoja sokoni anayeishi kwa kazi hiyo, na vikapu vyake ni vizuri kuliko vyangu. Kama unahitaji kipato, suka uuze, ni kazi ya heshima kabisa. Ila hapo itafute nyingine ya kukupumzisha.

Wiki ya mitihani sisuki. Sikiachi kikapu kwenye kochi kinikodolee macho. Nakitundika msumarini nyuma ya mlango. Siku ninayokabidhi alama nakishusha, nalowesha fungu moja, natafuta ncha zilizochomoza.