Umeshakatwa tumbo, umerudi nyumbani, sasa ukae vipi na sinia la wali

Assalam alaykum. Hii naandika kwa aliyefanya operesheni ya kupunguza tumbo au ana tiketi mkononi, maana napigiwa simu na watu, mara dada yuko Fuoni hapa Unguja, mara kaka yuko Wete kule Pemba, suali lao moja tu, nshatoka spitali sasa nile nini na watu wa nyumbani niwaambie nini. Mie nilifanya slivu, aina moja ya operesheni hiyo, India miaka mitatu nyuma nikiwa kilo 131, leo niko 92, na nnayoyasema ni yale niloandikiwa na daktari nikaja kuyajaribu ndani ya nyumba ina watu kumi na moja na sufuria haliteremki jikoni. Daktari wako akikwambia vyengine mfuate yeye, mie sijalifungua tumbo lako.

Ujue kwanza wamekufanya nini, maana kuna watu wamekatwa na hawajui wamekatwa vipi. Slivu wanatoa zaidi ya robo tatu ya mfuko wa chakula, kinabaki kimrija kama ndizi. Baipasi wanakuachia kifuko kidogo hapo juu, mwanzo kinabeba kama mililita 30 yaani vijiko viwili vya mezani, halafu kinaungwa na utumbo huko mbele kwa hivo chakula kinairuka njia moja nzima. Ndo maana wa baipasi vitamini zinamtoka zaidi na sukari inamfanyia visa kuliko sie wa slivu. Karatasi uliyopewa siku ya kutoka ipige picha ikae kwenye simu, ukizidiwa usiku daktari wa zamu hakujui na wewe huna nguvu za kueleza.

Safari ya kurudi. Usipande ndege mpaka aliyekukata akuruhusu, na ndani ya ndege inuka kila baada ya saa utembee, vaa zile soksi za kubana, kunywa maji, damu kuganda miguuni ndo adui mkubwa wa siku hizo. Halafu ukifika Dar usifanye ujanja wa kuokoa pesa upande boti. Mie nilifanya, mwezi wa saba, kusi limechachamaa, nimekaa na mfuko mweusi mdomoni na mshono mpya tumboni nasoma kila dua nnayoijua. Hakikutoka kitu lakini ile saa mbili sitaisahau. Panda ndege ndogo, na wa Pemba khasa, ule mkondo si wa mtu mwenye nyuzi.

Chakula kinakwenda kwa ngazi na usiruke ngazi hata ukijiona mzima. Siku mbili tatu za mwanzo maji na supu iliyochujwa, halafu mpaka wiki mbili vitu vya kunyweka, wiki ya tatu na ya nne vya kusagwa, ya tano na ya sita vilaini, chakula cha kawaida kinarudi kama wiki ya nane. Sasa ile karatasi ya India imeandikwa vyakula vya kwao, mie nikavigeuza. Supu ya kuku wa kienyeji ikachujwa kwa kitambaa, maziwa yasiyo na mafuta mengi, mtindi bila sukari, uji wa mtama mwepesi sana. Dafu kidogo halina ubaya ila lisiwe ndo maji yako ya kutwa, lina sukari yake. Kwenye kusagwa nikala choroko na dengu kwa tui jepesi, changu kachemshwa kapondwa na ndimu (miba toa mwenyewe, usimuachie mtu), yai la kuvuruga laini. Vijiko vitatu vinne umeshiba na unashangaa.

Hesabu ya kushika kichwani ni protini, gramu 60 mpaka 80 kwa siku. Yai moja lina kama 6, glasi ya maziwa kama 8, kipande cha samaki cha gramu 100 kinapita 20. Kwa hivo kwenye kisahani unaanza na samaki, kisha mboga, wali mwisho kama nafasi ipo, na mara nyingi haipo. Sie huku tumelelewa kinyume, wali ndo chakula na samaki ni kitoweo cha kuusindikiza, hapo ndo pa kujifundisha upya.

Tafuna mpaka kiwe uji mdomoni, mara ishirini na zaidi. Vinavyokwama ni mkate wa ajemi, chapati, wali mkavu, nyama ya ng'ombe, na pweza. Pweza nilimtamani miezi mitano, nikenda zangu Forodhani, tonge moja tu, kifua kikabana kama nimemeza jiwe, mate ya povu yanajaa mdomoni, nimeinama ukutani na watalii wananiangalia. Likikukuta usinywe maji ati ulisukume, unaongeza mzigo juu ya mzigo. Acha kula, simama, tembea taratibu, ama litashuka ama litarudi. Lakini ukiwa unatapika kila siku, au hata maji hayakai siku nzima, hiyo si kukwama tena, nenda spitali, mwili ukikosa vitamini B1 kwa matapishi unaharibu mishipa ya fahamu na ubongo na haichukui muda mrefu.

Maji lita moja na nusu mpaka mbili kwa siku, kwa funda dogodogo, huwezi tena kupiga glasi nzima. Na usinywe pamoja na chakula, ukimaliza kula hesabu dakika 30 ndo unywe. Hili lilinishinda kuliko njaa, mana pilau na glasi ya juisi ya ukwaju kwetu ni mtu na mkewe. Kaskazi likipiga, jua kali na jasho, chupa isitoke kwenye pochi. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai na kichwa kinazunguka ukiinuka ujue umekauka, na wengi wanaorudishwa wodini wanarudi kwa hilo la maji. Soda achana nazo.

Nije kwenye sinia, maana hapa ndo watu wanaharibikiwa. Kula sinia moja ni raha na ni udugu lakini kwa mtu aliyekatwa tumbo lina mambo matatu mabaya, hujui umekula kiasi gani, unakwenda mbio na wenzako, na kuna mkubwa mmoja lazima atakumegea nyama akusukumie upande wako na huwezi kumkatalia. Mie wiki ya sita nimekwenda kwa mama Pemba, kaniona na kisahani cha chai nimeweka kipande cha samaki na boga, kanikazia macho.

"Mwanangu, hicho chakula cha paka."

"Mama, ndo tumbo langu lilivo sasa."

"Basi kula kidogo tu huu wali, nimeutilia iliki kwa ajili yako."

Nikala kidogo tu kwa ajili ya mama, nikatapika uani nyuma ya mgomba, na yeye ndo kaniona. Tangu siku hiyo akawa askari wangu, mtu akininyooshea tonge anamwambia muache mtoto. Kwa hivo nasaha yangu, kabla hujasafiri mtafute mwanamke mwenye sauti nyumbani, awe mama, shangazi, bibi, mkalishe umueleze kila kitu, akishakuwa upande wako nyumba nzima imenyooka. Na anza na kisahani chako mwenyewe tangu siku ya kwanza, kaa kwenye mkeka pamoja nao, usijitenge chumbani kula peke yako kama mgonjwa, kaa, zungumza, sahani yako iko mbele yako. Kwenye harusi na hitima ukiletewa biriani usianze kueleza historia ya tumbo, ipokee, kula nyama vipande viwili, iliyobaki mpe mtoto aliye karibu, hakuna anayehesabu.

Watu wa nje uwaambie? Mie naona si lazima. Nyumbani walijua wote, nje nilisema nimefanya operesheni ya tumbo basi, na si uongo. Watasema tu, ana sukari, ana ule ugonjwa, kalogwa, mume kamtesa, kuna bibi mmoja mtaani alinisomea kabisa na maji akanitemea, nikasema ahsante bibi nikaenda zangu.

Kazi za ndani, wiki nne mpaka sita usinyanyue kitu kinachopita kilo tano hivi. Ndoo ya maji hapana, mtoto hapana, na kukaa juu ya mbuzi ukuna nazi hapana, ile kuinama inakaza pale pale penye nyuzi. Sala niliisali kwenye kiti mpaka sijda ikawa haiumi. Kutembea ndo anza siku ile ile wanayokuinua kitandani, ukishapata nguvu nenda viwanja vya Maisara jioni, kuna kila aina ya watu wanazunguka pale hakuna wa kukucheka.

Vitamini ni za maisha, si za mpaka ziishe chupa. Ya mchanganyiko, kalsiamu, vitamini D, B12, na chuma khasa sie wanawake tunaopata siku zetu. Kalsiamu na chuma usivimeze pamoja, viachanishe saa mbili, na chuma usikiteremshie chai ya rangi, chai inakizuia. Pima damu mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, halafu kila mwaka. Mgongo ukiuma ukenda duka la dawa watakupa diklofenaki au ibuprofeni bila hata kukuuliza, kataa, zinatoboa vidonda tumboni na kwa wa baipasi ni hatari khasa, chukua parasetamoli. Wenye sukari na presha, dozi yako ya zamani inaweza kuwa kubwa kwa mwili huu mpya na mapema kuliko unavodhani, pima nyumbani kila siku, na daktari ndo apunguze, si wewe na si jirani.

Vitu vitamu. Halua, tende nyingi, juisi ya miwa, kwa wa baipasi khasa, ndani ya nusu saa moyo unakwenda mbio, jasho, tumbo linakata, unakimbilia chooni. Mwengine inamjia baada ya saa moja mpaka tatu, anatetemeka, sukari imeshuka. Ile ya nusu saa lala kidogo, itapita, na umeshajua cha kuacha. Sie wa slivu hatupati sana hiyo adhabu na ndo tatizo letu, maana kuna vyakula vinateleza. Urojo unateleza, unapita kama maji, bakuli zima limekwisha na bagia zake na tumbo halijasema kitu. Mwaka wa pili nilirudisha kilo sita kwa urojo wa jioni na visheti vya chai, sikulaumu operesheni.

Ramadhani, mwaka uliokatwa usijilazimishe. Mgonjwa karuhusiwa kwenye Kur'ani kula na kulipa siku nyengine, muulize daktari na muulize shekhe wako, wote wawili. Mie wa kwanza nilikula, nikaja kulipa. Ukirudi kufunga, kazi ni maji, kwetu unafunga kama saa 13 kwa hivo lita yako moja na nusu uinywe baina ya magharibi na daku, anza na maji na tende moja, sali, ndo ule, na futari ya muhogo na ndizi isimalize nafasi ya samaki.

Nywele zitatoka mwezi wa tatu mpaka wa sita, mafungu mafungu, usilie, zinarudi, kula protini yako. Kilo zitasimama kama wiki ya tatu, kila mtu zinamsimamia, mzani upande mara moja kwa wiki. Mimba isubiri mwaka mpaka mwaka na nusu, na jueni uzito ukishuka mwanamke anashika haraka hata yule aliyehangaika miaka, vidonge vya kuzuia mimba kwa wa baipasi si vya kutegemea, uliza kijiti au kitanzi. Mama mkwe atasema, mwache aseme.

Haya ndo ya kukimbilia spitali bila kusubiri asubuhi: homa, mapigo ya moyo yanayopita 120 nawe umekaa tu, maumivu ya tumbo yanayozidi, bega la kushoto kuuma na pumzi kuwa fupi, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, kutapika damu au choo cheusi kama lami. Usianze na mkandaji wala mafuta ya kusomewa, hayo yatakuja baadae.

Na nguo usishone mapema. Kaa na madera na kanga zako mpaka kilo zitulie, kama mwaka na nusu. Mie nna sare tatu za harusi kabatini, fundi kashazipunguza mpaka mshono wa kulia unakaribia kukutana na wa kushoto, ya nne alipokuja kunipima nikamwambia fundi, subiri kwanza mpaka mfunguo sita.