SOMO: Kupata app nzuri za bure na blogu za kusoma, na namna ya kumpa mwenzako

Wakuu, kila mara naulizwa PM hizi app zisizo na matangazo nazitoa wapi. Naandika hapa mara moja, tusirudiane.

1. Kwenye simu ya Android, ingia f-droid.org, shusha F-Droid (duka la app huria za bure), iweke. Brauza ikiomba ruhusa ya kuweka app, kubali, halafu ukimaliza ondoa ruhusa hiyo.

2. Subiri orodha ijae, tafuta unachotaka.

3. HAPA TULIA. Kama app hiyo unayo tayari kutoka Play Store, mara nyingi ya F-Droid itagoma kukaa juu yake. F-Droid hutengeneza app nyingi yenyewe kutoka kwenye msimbo (code) ulio wazi na kuzitia sahihi yake ya kidijitali. Android ikikuta sahihi mbili tofauti inakataa. Itabidi ufute ya zamani, na ukiifuta inaondoka na data zake. Basi kwanza ingia kwenye mipangilio yake, toa faili la akiba (backup), liweke nje ya folda ya app, LIFUNGUE uone lina kitu. Ndipo ufute.

4. Blogu: weka Feeder (app ya kusomea blogu), imo humo humo F-Droid. Bandika anwani ya blogu. Ikigoma, ya WordPress iongezee /feed mwishoni, ya Blogspot /feeds/posts/default. Makala mpya zitakufuata zenyewe.

5. Kumpa mwenzako: tuma linki ya ukurasa wa app. Usitume APK (faili la kuweka app) kwa WhatsApp. Faili lililozunguka magrupu hujui nani kalichezea.

Mdau 1: Nimefuta ya zamani, notisi zangu zote hazipo. Nifanyeje?

Mleta mada: Soma namba 3. Kama huna akiba popote, hazirudi.

Mdau 2: iPhone je?

Mleta mada: Nimeandika Android.

Mdau 3: Samahani mkuu, NewPipe (app ya kutazama YouTube) imewekewa alama ya onyo kwenye F-Droid. Ina virusi?

Mleta mada: Umeuliza la maana. Si virusi. F-Droid inakuambia wazi kwamba app hiyo inategemea huduma isiyo huria (msimbo wake haujawekwa wazi), yaani YouTube. Nyingine huwekewa alama kwa kufuatilia matumizi yako. Hizo mimi siziweki. Gusa alama, maelezo yapo.

Mdau 4: Niongezee: Organic Maps, app ya ramani. Shusha ramani ya mkoa unakokwenda ukiwa kwenye Wi-Fi, safarini hutumii bando.

Mleta mada: Shukrani mkuu. Na Feeder inatoa orodha yako yote ya blogu kwenye faili moja la OPML (aina ya faili la orodha za blogu). Wenye blogu za hadithi na mapishi, tupieni orodha zenu hapa.