Umbo la peptidi kwa infraredi: sampuli kwanza, mashine baadaye

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, na mwanga wa infraredi inaoufyonza hutuambia umejikunjaje. Tunachokitafuta ni bendi (eneo la ufyonzaji) iitwayo amidi I, kati ya 1600 na 1700 cm⁻¹, kipimo kitakachotumika kwa namba zote za bendi hapa chini. Inatokana hasa na kifungo cha kaboni na oksijeni kwenye uti wa peptidi kinaporefuka na kufupika. Vifungo vya haidrojeni vikijipanga tofauti, bendi nayo husogea.

Hatua ya 1. Ondoa asidi ya trifluoroasetiki. Peptidi nyingi za kutengenezwa maabara huja na mabaki yake, nayo hufyonza karibu na 1673, katikati ya eneo letu. Wapo wanaokiona kilele hicho wakatangaza wamepata shiti ya beta, yaani nyuzi za peptidi zilizolala kandokando! Yeyusha peptidi kwenye asidi hidrokloriki hafifu, igandishe, ikaushe kwa ombwe, kisha urudie mara kadhaa. Kama peptidi yako haivumilii asidi, tafuta njia nyingine ya kubadilisha chumvi, lakini usiruke hatua hii.

Hatua ya 2. Tumia maji mazito (D₂O, yenye haidrojeni nzito). Maji ya kawaida hufyonza karibu na 1645 na kuifunika bendi. Maji mazito hufanya hivyo karibu na 1210, mbali kabisa. Kumbuka kuongeza 0.4 kwenye namba inayosomwa na mita ya pH, kwa kuwa ndani ya maji mazito mita husoma chini kidogo.

Hatua ya 3. Tumia seli (kijichombo cha kupimia) yenye madirisha ya kalisi floridi, na nafasi ya sampuli ya takriban maikromita 50. Pima bafa tupu (kimiminika kilekile bila peptidi) kwa seli hiyohiyo na halijoto ileile. Pitisha hewa kavu hadi mistari myembamba ya mvuke wa maji itoweke.

Hatua ya 4. Toa kipimo cha bafa kwenye kipimo cha sampuli, kisha soma. Heliksi ya alfa, yaani umbo la msokoto kama springi, huonekana karibu na 1650. Shiti ya beta kati ya 1620 na 1640, na ikiwa nyuzi zinapishana mwelekeo, kilele kidogo karibu na 1680. Mnyororo usio na mpangilio karibu na 1645. Heliksi na mnyororo huo zinakaribiana mno, kwa hiyo kilele kimoja hakitoshi kuamua.

MASWALI

Mwalimu, naweza kutaja asilimia ya heliksi?
Kwa peptidi fupi, mimi singethubutu. Bendi moja pana inaweza kugawanywa kwa njia nyingi na zote zikakaa vizuri kwenye mchoro. Ipashe moto polepole, uone bendi inahamia wapi.

Nitajuaje ni sehemu gani iliyojikunja?
Agiza peptidi yenye kaboni-13 (kaboni nzito kidogo) kwenye kabonili, yaani kifungo cha kaboni na oksijeni, ya asidi amino moja. Mtetemo wake hushuka kama 40 cm⁻¹, ukajitenga na wenzake.

Sina maji mazito, nifanyeje?
Jaribu Raman, njia inayosoma mwanga wa leza uliotawanywa na sampuli; maji huingilia kidogo sana huko. Tena utaona vifungo vya salfa kwa salfa karibu na 510, ambavyo infraredi haivionyeshi vizuri. Ila andaa sampuli yenye peptidi nyingi, na isiwe inang'aa kwa fluoresensi.