"Muvi kali" haitoshi: namna ya kutoa maoni ya muvi yakamfaa mwenzako

Mteja akikaa kwenye kiti changu kusuka rasta ndogondogo, ameingia asubuhi anatoka jioni. Muda wote huo TV iko mbele yake na mimi niko nyuma yake, ndiyo maana hapa Mwanga, Kigoma, swali la "leo tuweke nini?" huletwa kwangu. Muvi nyingi nazisikia kuliko ninavyoziona. Macho yako kwenye mistari ya nywele, masikio yako kwenye spika. Sijasomea filamu na sina mpango huo. Ila maoni ya watu nimeyasikia ya kutosha, maana saluni inaweza kuishiwa rasta lakini haiishiwi maoni.

Tatizo, mengi ni neno moja. "Kali." "Imebamba." "Inaboa." Ukiuliza inaboa nini, unajibiwa "we dada iangalie tu, utaona." Sasa kama ni lazima niiangalie ndipo nijue, umenisaidia nini? Kijana anayeweka muvi kwenye flashi anataka hela yake, iwe imebamba au imeboa. Basi haya ninayoandika ni namna ninavyotaka wateja wangu waniambie, na wewe yatumie popote penye ubishi wa muvi.

Anza kwa kusema uliiangaliaje. Hapa watu huparuka. Muvi uliyoiona kwenye simu ukiwa kwenye treni, mtoto wa jirani anachungulia, siyo sawa na uliyoiona nyumbani usiku umetulia. Mtu akiniambia muvi fulani ya vita "ina giza, hakionekani kitu", swali langu la kwanza ni kopi aliipata wapi. Kuna kopi zilizorekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi wa sinema, hadi kichwa cha mtu aliyeinuka kwenda chooni unakiona kikipita. Giza hilo usimlaumu mwongozaji. Na kama umeme ulikatika katikati ukamalizia kesho yake, sema, kwa sababu muvi ya kutisha ikikatwa usiku na kumaliziwa mchana haitishi tena.

Hapohapo sema kama ilikuwa imetafsiriwa. Sisi tuliokulia vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video mtaani, tumelelewa na sauti za watafsiri. Kuanzia enzi za Lufufu mpaka hawa wa sasa, mtafsiri hakai kimya: anampa adui jina la mtaani, anamwonea huruma steringi, anatabiri ngumi kabla haijarushwa, katikati anasalimia rafiki zake. Mimi napenda sana. Lakini kichekesho kilichokuvunja mbavu kinaweza kuwa hakimo kabisa kwenye muvi yenyewe. Niliwahi kuweka muvi ya Kikorea ya majonzi matupu, saluni nzima ikacheka mwanzo mwisho, kwa sababu mtafsiri siku hiyo aliamka na utani.

Kuitenganisha muvi na mtafsiri wake si kazi kubwa. Chukua tukio lisilo na maneno: watu wanafukuzana, mtu anasoma barua, mtu analia peke yake chumbani. Jiulize kama lingekushika mtafsiri angenyamaza. Likikushika, sifa ni za muvi. Lisipokushika, mpe mtafsiri sifa zake, naye ni msanii, ila usiniambie muvi ni kali. Niambie mtafsiri wake ni mkali. Nitaiweka vilevile, tena Jumamosi watu wakiwa wengi, lakini nitajua ninaweka nini.

Kisha nitajie sehemu. Ukisema "yule dada hajui kuigiza", umeniacha nilipokuwa. Ukisema "pale alipopigiwa simu kuambiwa baba yake amefariki, alianza kulia kabla wa upande wa pili hajamaliza kusema", hata kama sijaiona nimekuelewa, na nikikubishia tunabishana juu ya kitu kimoja. Niletee sehemu moja iliyokushika na moja uliyotamani kuipeleka mbele. Zinatosha.

Bongo Movie za zamani, zile za sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, zinafaa sana kufanyia mazoezi. Tafuta gari. Gari linatoka getini, linaendeshwa mpaka wimbo uishe, linafika geti jingine, mlinzi anafungua bila haraka, mtu anashuka, anapanda ngazi, anagonga mlango. Kumbe alikuwa anakuja kusema "shikamoo mama." Wanaosema Bongo Movie zinaboa wangenyooshea kidole hapohapo: hadithi ya diski moja ilivutwa ifike mbili, kwa sababu diski mbili zinauzwa mara mbili. Ukishaliona gari hilo huwezi kulisahau, na unaweza kumtetea mwigizaji aliyekwama humo ndani. Marehemu Kanumba, aliyetutoka Aprili 7, 2012, mpaka leo namweka. Wanaomdharau huwa nawaambia wasimtazame anapoongea, wamtazame anapomsikiliza mwenzake.

Tamthilia za Kituruki nazo zina kesi yake. Wateja hulalamika kwamba kipande kinakatika hovyo: mtu kageuza shingo tu, muziki ukapaa, majina yakaanza kupanda. Lawama ifike panapostahili. Kule Uturuki kipande kimoja kinachorushwa kwa wiki hufika saa mbili, na zaidi ya hapo. Kikiuzwa nje hukatwa vipande vifupi, vya kama dakika 45. Ertugrul, ile ya TRT iliyoanza mwaka 2014 ikaisha 2019, ilikatwa hivyo. Kwa hiyo ile shingo mwandishi hakuiandika iwe mwisho wa kitu chochote, ilikuwa shingo tu inageuka. Usihukumu tamthilia kwa kipande kimoja. Subiri jambo moja lifungwe, la urithi au la mtoto aliyebadilishwa hospitalini, ndipo useme kama wamelifunga vizuri.

Sasa tuje kwenye masikio, ambako ndiko niliko siku nzima. Geuza kiti, au tazama dari, usikilize muvi dakika tano bila kuiangalia. Utagundua mambo ambayo macho yalikuwa yanayasamehe.

Kwenye muvi zetu nyingi utasikia upepo kwenye maikrofoni, jenereta ya jirani, sebule inayotoa mwangwi, na wimbo wa mapenzi unaofunika maneno pale ambapo mtu anatoa siri. Picha inaweza kuwa safi na sauti ikaiangusha. Nikisikia mtu anasema "sijui kwa nini haikunishika", mara nyingi jibu liko hapo.

Halafu kuna muvi ambayo ukiisikiliza bila kuitazama unaelewa kila kitu. Tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili ni hodari kwa hili. Mtu anaingia chumbani na kutangaza kwamba amekuja kwa sababu amegundua kwamba yule aliyedhani ni shangazi yake ndiye mama yake mzazi. Mimi nikiwa na sega mkononi nashukuru, sihitaji kuinua kichwa. Lakini tuseme ukweli, huo ni udhaifu. Watu wamewekewa kamera na taa halafu wanaongea kama mchezo wa redio. Napenda na nakosoa papo hapo, na wewe unaruhusiwa.

Kinyume chake ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya mkoloni, kuna mapenzi na kuna siasa, na mengi yanasemwa kwa macho na kwa ukimya. Saluni, draya ikiwa inanguruma, ilikuwa rangi nzuri zinazopita. Wateja wakasema inaboa. Nikaiangalia nyumbani usiku, mlango umefungwa, nikaona kosa la kuiweka saluni ni la aliyeiweka. Kwa hiyo kwenye maoni yako ongeza na hili: ni ya kuangalia wapi, na nani, saa ngapi. Kuna muvi nzuri ambazo mchana wa saluni huziua.

Masikio hayo hayo ndiyo yaliyonigombanisha na filamu ya hapa kwetu. Jane ya Brett Morgen, ya mwaka 2017, inamhusu Jane Goodall, mtafiti kutoka Uingereza, na sokwe wa Gombe, huko unakokwenda kwa boti ukitokea Kibirizi. Picha zake nyingi alizipiga Hugo van Lawick miaka ya 1960, zaidi ya saa mia moja zilizokaa ghalani hadi zilipopatikana 2014. Macho yangu yanaisifu bila kubishana. Sokwe wako karibu, rangi ni za kushangaza, binti mwenyewe anapanda mlima pekupeku. Lakini picha zile zilipigwa bila sauti, milio ya msituni iliwekwa baadaye, na juu yake ukapangwa muziki wa Philip Glass ambao haupumziki. Aliyefika Gombe anajua kwamba sokwe unamsikia kabla hujamwona. Mimi ningeomba muziki ukae pembeni kidogo tumsikie. Hayo ndiyo maoni yangu: naisifu picha, naulaumu wingi wa muziki. Rafiki yangu mmoja anasema muziki ndio uliomliza. Sawa, na yeye ametaja sehemu.

Ziada tu, maana hii huwa nawasimulia wateja wageni. Mwaka 1960 Jane na mama yake walipofika Kigoma kwa mara ya kwanza walikuta mji umejaa Wabelgiji waliokimbia Kongo, wakakwama hapa siku kadhaa wakisaidia kutengeneza mikate ya nyama kwa wakimbizi. Mama mtu alikuja kwa sababu wakubwa wa kikoloni hawakukubali binti akae porini peke yake. Kigoma kupokea watu kutoka ng'ambo ya ziwa hakukuanza jana. Mimi ningelipia dakika kumi za hilo tu.

Muvi ikigusa kwenu, kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu hasira huja haraka kuliko maoni. The African Queen ya John Huston, ya 1951, inatokana na riwaya ambayo meli yake ya Kijerumani ilibuniwa kwa kuitazama hii Liemba yetu, meli ya Ziwa Tanganyika. Kwenye muvi, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wanateremka mto na mtumbwi wa mvuke uliochoka, wakiwa na torpedo za kutengeneza wenyewe, na mwishowe meli ya adui inalipuka. Wazee wa hapa wakisikia hivyo wanacheka. Liemba, iliyokuwa ikiitwa Goetzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, tena wakazipaka mashine grisi kwanza zisioze. Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kazini 1927. Na muvi yenyewe haikupigwa Kigoma. Walipiga Uganda na Kongo.

Je, hilo linaifanya muvi kuwa mbaya? Kwangu hapana. Muvi haikuapa kwamba itafundisha historia, na ugomvi wa wale wawili ndani ya mtumbwi bado unachekesha, Bogart alipata Oscar yake pale. Mimi nanyooshea kidole kwingine, mwanzoni kabisa: kanisani wanakijiji wanaimba wimbo wa dini wasioujua, wanachekesha, kijiji kinachomwa, wanachukuliwa, na baada ya hapo mtu mweusi hana tena neno la maana katika hadithi. Vita imepiganwa kwetu, na mvuvi hata mmoja hajapewa jina. Hiyo ndiyo sehemu yangu. Tarehe za Liemba ni ubishi wa kijiweni. Stanley and Livingstone ya 1939, yenye Spencer Tracy, ipime hivyohivyo, halafu shuka Ujiji kwenye makumbusho uone mwembe wa pale wawili hao walipokutana.

Kabla hujafungua mdomo, mwangalie unayemwambia. Mama mtu mzima akiniuliza, namwambia kwanza kama kuna vitanda ndani yake, maana ataangalia na wajukuu. Binti wa chuo namwambia kama inachelewa kuanza. Mvulana aliyemsindikiza mchumba wake namwambia kama steringi anakufa, kwa sababu ndicho kitu pekee anachotaka kujua. Wengine wote, mwisho usiwaambie. Kuna mteja mmoja anayesimulia hadi mwisho huku akisema "sikumalizii," na nimeshamwomba awe anasuka siku ambazo kuna mpira.

Usiogope kubadilisha maoni, ila sema kilichoyabadilisha. Na usiogope kuwa peke yako. Saluni nzima ikipiga makofi wewe ukabaki kimya, ukaulizwa, taja sehemu yako moja kwa sauti ya kawaida, bila kumwita mtu mshamba. Anayependa muvi mbaya hajakukosea chochote.

Juzi nilitumiwa ujumbe wa sauti na mteja wa Katonga, na kama hujui uanzie wapi, uige: "Dada, ile ya Kifilipino nimeiona kwa simu, imetiwa Kiswahili. Vipande vitatu vya mwanzo vumilia, wanatambulishana tu. Pale harusini mama mkwe anaponyamaza, chai yangu ilipoa. Yule daktari simpendi, kila akiingia anaeleza tulichokwisha kukiona. Usiiweke watoto wakiwepo. Mwisho sikwambii." Nilimpigia kijana wa flashi kabla ujumbe haujaisha.