Urubani wa Jeshi la Anga la Marekani kwa Anayevaa Miwani: Jinsi ya Kuomba

Kijana aliyeanza kuvaa miwani akiwa shule ya msingi huambiwa mapema kwamba urubani wa jeshi si wake. Kwa hapa Marekani maneno hayo yamepitwa na wakati. Mwaka 2007 Jeshi la Anga liliacha kumkataa moja kwa moja mwombaji aliyefanyiwa LASIK, upasuaji wa leza wa kurekebisha macho, na aina nyingine ya upasuaji huo, PRK, ilikwisha kuruhusiwa kabla yake kwa masharti. Nawaandikia vijana wetu wanaokulia huku, pamoja na wazazi wanaotaka kuwasaidia, kwa sababu naona wengi wakikimbilia leza kabla ya kujua kama wanaihitaji.

Kwanza kabisa, uraia. Rubani wa jeshi ni afisa, na afisa lazima awe raia wa Marekani. Mwenye grini kadi anaweza kujiunga kama askari wa kawaida, lakini kiti cha rubani hakipati mpaka awe raia. Kama karatasi za uraia bado ziko njiani, anza na hizo.

Pili, chagua mlango wa kuingilia: chuo cha Jeshi la Anga kilichopo Colorado Springs, mafunzo ya uafisa ya ROTC ukiwa chuo kikuu, au shule ya maafisa, OTS, kule Alabama kwa aliyekwisha kupata digrii. Kila mlango una fomu zake na tarehe zake, ila macho yatapimwa kokote utakakopitia.

Tatu, kapime macho sasa, kwa daktari wa macho wa kawaida, na umwambie unataka vipimo vya urubani. Kiwango kinachotakiwa kwa kuona mbali ni 20/70 au bora zaidi bila miwani, na 20/20 ukiwa nayo, kila jicho peke yake. Hiyo 20/20 ndiyo 6/6 ya hospitali za nyumbani. Mwenye 20/70 husoma kwa futi 20 herufi ambayo jicho zima hulisoma kwa futi 70. Kwa hiyo wapo wavaa miwani wengi tu ambao tayari wamo ndani ya mpaka, na hao hawana haja ya kuguswa na leza.

Omba upimwe na baada ya kutiwa matone yanayolegeza misuli ya jicho. Vijana wana nguvu ya kukaza jicho na kuficha tatizo la kuona karibu. Matone huondoa uwezo huo kwa saa kadhaa, na namba ya kweli hujitokeza. Usiende peke yako na gari: mwanga utakuumiza na maandishi ya simu hutayasoma.

Pima pia rangi na uwezo wa kukadiria umbali kwa macho mawili. Kwenye kipimo cha rangi utaonyeshwa herufi zinazofifia kwenye kompyuta, jicho moja moja, nyekundu, kijani na bluu. Upungufu wa kuona rangi hauondolewi na leza yoyote, kwa hiyo ni heri ujulikane kabla hujatoa maelfu ya dola.

Ikiwa umevuka mpaka, hapo ndipo upasuaji unaingia. LASIK hufungua kipande chembamba cha konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, leza ikapita chini yake, kisha kipande kikarudishwa. Siku ya pili wengi wanaona vizuri. PRK haikati kipande. Utando wa juu unaondolewa na kuachwa uote upya, kwa hiyo siku za mwanzo zina maumivu na ukungu. Kwa muda mrefu jeshi liliipendelea PRK kwa sababu hakuna kipande cha kusogea rubani anapojirusha nje ya ndege, na kama konea yako inaruhusu zote mbili, mimi ningechagua hiyo.

Lakini sikiliza: jeshi linaangalia jicho lilivyokuwa kabla ya leza. Kwa urubani, mpaka, kwa diopta (kipimo cha nguvu ya lenzi ya miwani), ni -8.00 kwa asiyeona mbali na +3.00 kwa asiyeona karibu. Ukiuvuka, kuona 20/20 baada ya upasuaji hakutakuokoa. Konea inayochongoka nayo hukufungia njia.

Basi kabla hujatoka kliniki, chukua nakala za: vipimo vya kabla, ramani ya konea, ripoti ya upasuaji, na vipimo vya kila ukaguzi uliofuata. Soma mwenyewe: OD ni jicho la kulia, OS la kushoto, na namba ya kwanza baada yake ndiyo diopta. Kliniki hufungwa na kuhama, usitegemee watakutunzia.

Kisha subiri. Miezi 6 lazima ipite, namba ziwe zimetulia na uwe umeacha matone ya dawa. Mweleze afisa wa uandikishaji kila kitu, pamoja na lenzi ngumu za kulalia zinazobadilisha umbo la jicho. Ramani ya konea huonyesha alama ya leza, na anayeficha hupoteza zaidi ya nafasi ya urubani.

Ukichaguliwa, utaitwa kwenye FC1, uchunguzi wa afya wa wanaoingia urubani, katika kambi ya Wright-Patterson, Ohio. Acha kuvaa lenzi kwa muda ulioandikwa kwenye barua ya wito, beba miwani yako ya sasa na faili zima la upasuaji. Wakikuta kasoro inayosameheka, madaktari wenyewe hupeleka ombi la msamaha wa masharti, na wakikunyima, uliza kuhusu ndege zisizo na rubani ndani: masharti yake ya macho ni mepesi zaidi.